Bando la Buku Lifike Jioni

Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, alfajiri, maboti yanashusha viroba vya dagaa kutoka visiwani na wabebaji wanapishana na mizigo kichwani, kila mmoja akipiga kelele za kuomba njia. Mama mmoja alisogea kando ya vurugu hiyo, akafungua fundo la kitenge, akatoa simu janja ambayo kioo chake kimeshikwa na selotepu. Akawasha data. Akangoja kidogo. Sauti zikaingia moja baada ya nyingine. Zile fupi akazisikiliza, ile ya dakika nne akaiacha. Kisha akabonyeza kinasa sauti na kusema maneno machache: bei imeshuka, usipakie leo, ngoja Alhamisi. Akazima data, simu ikarudi kwenye fundo. Kazi yote haikufika hata muda wa kuhesabu chenji.

Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini anazima wakati bando bado lipo.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Wewe ukishachota maji, bomba unaliacha wazi?"

Mwongozo huu unaanzia kwenye bomba la mama yule, mayu kwa Kisukuma. Nauandika kwa ajili ya watu wa Igoma, Buhongwa, Nyakato, Pasiansi, Sengerema na Nansio wanaonunua bando kama wanavyonunua mafuta ya kula, kwa kupima: leo la jero, kesho la buku, mwisho wa mwezi Mungu akijalia la wiki. Wapo wanaowaona watu hawa kuwa hawajui kupanga. Si kweli. Anayeishi kwa kupima anaijua hesabu kuliko anayenunua dumu zima, maana kila tone amelilipia akiwa analitazama.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kasi ya intaneti hutajwa kwa biti, bando huuzwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Video inayovuta megabiti moja kwa sekunde inakula MB 7.5 kila dakika. Saa moja imekula MB 450. Ukiitaka picha safi zaidi, ile ya kuvuta megabiti nne kwa sekunde, dakika moja ni MB 30, na bando la buku halifiki hata nusu saa ya kwanza ya mechi. Ujumbe wa maandishi, hata uwe waraka mrefu wa kumlalamikia shemeji, unahesabiwa kwa KB, na KB elfu moja ndizo MB moja. Ndiyo maana mtu anaweza kuchati wiki nzima bando likampa heshima zake, halafu likakata siku aliyoamua kurudia magoli ya Simba na Yanga. Ukiona bando limekata kabla ya saa yake, kabla hujawapigia huduma kwa wateja fungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data. Programu zote zimepangwa pale kwa ulaji, mlafi akiwa juu kabisa. Mara nyingi mwizi utamkuta amelala humo humo mfukoni mwako.

Mlafi wa kwanza kwa wengi wetu ni WhatsApp, na kosa si lake, ni la vikundi. Kuna kikundi cha ukoo, cha kamati ya harusi, cha waliosoma pamoja Nsumba au Bwiru, cha kwaya, cha kikoba, na cha wapangaji kinachodai hela ya maji. Kila asubuhi shangazi aliye Magu anatuma video ya ua waridi linalometameta na maneno ya baraka. Namheshimu shangazi na baraka zake nazipokea. Lakini ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama zote kwenye upakuaji otomatiki unapotumia data ya simu: picha, sauti, video, nyaraka. Kuanzia hapo ua la shangazi litabaki na ukungu wake, nawe utajibu "Amina, shangazi" bila kulifungua, na baraka haitapungua hata kidogo. Kitu muhimu kikija, kama picha ya risiti au cheti cha hospitali, unakibonyeza mwenyewe.

Statasi ni mtego mwingine. Ukifungua ya kwanza, zinazofuata zinajifungua zenyewe kama siafu barabarani, na umalizapo unajua jirani kanunua sofa na rafiki kaenda Capri Point kupunga upepo. Chagua mbili za watu unaowapenda, toka. Facebook na TikTok zina mahali pa kuzuia video zisijicheze au pa kuokoa data. Patafute leo, si kesho. Play Store iambie isasishe programu kwa Wi-Fi pekee, na nakala ya akiba ya WhatsApp vivyo hivyo. Halafu washa Kiokoa Data, kilichomo kwenye simu za Android tangu toleo la 7 la mwaka 2016. Kinazifunga mdomo programu ambazo hujazifungua. Kwa maoni yangu kitufe hicho kimoja kina thamani kuliko ofa zote zinazoingia kwa meseji saa nane mchana.

Na zile WhatsApp za kughushi zenye herufi GB kwenye jina, ziache. GB hizo hazikuongezei bando, na akaunti yako inaweza kufungiwa ukabaki unatafuta namba za wateja kwenye daftari la mwaka juzi.

Sasa mtandao wenyewe. Mwanza ni jiji la miamba, na wageni wote hupiga picha Jiwe la Bismarck. Sisi tunaoishi huko juu Mabatini, Igogo au Isamilo tunaijua miamba kwa namna nyingine: nyumba imeegemea jabali, sebuleni simu inasoma vijiti vitatu, jikoni haisomi hata kimoja. Mawimbi ya redio hayapiti kwenye granaiti kama yanavyopita hewani, kwa hiyo mnara ulio nyuma ya jabali ni kama haupo. Simu ikiukosa mnara haikati tamaa. Inaongeza nguvu ya kutafuta, na nguvu hiyo inaitoa kwenye betri, ndiyo maana chaji huisha mchana wakati hukupiga simu yoyote.

Dawa nimeiona kwa jirani yetu wa mlango wa tatu. Kando ya dirisha linalotazama ziwa amepiga msumari, na kwenye msumari ametundika kikapu kidogo cha ukindu, kama cha kuwekea mayai. Simu inakaa humo. Ujumbe unaingia, kengele inalia, watoto wanagombania kuipeleka kwa mama yao jikoni. Kabla ya kikapu alikuwa akipanda juu ya jabali na mwanae mgongoni kutafuta mtandao. Nawe zunguka nyumba yako na simu mkononi, pole pole, ukitazama vijiti; sehemu yenye vijiti vingi ipe kikapu chake. Na kama 4G inakuja na kuondoka kama umeme wa masika, rudisha simu kwenye 3G. Meseji na sauti hazihitaji zaidi ya hapo, na betri itakushukuru.

Safari za majini zina kanuni zake. Meli ya Nansio ikiwa bado imefungwa bandarini, pakua unachokihitaji: nyaraka, mahubiri, nyimbo. Ikishaacha mji nyuma, weka simu hali ya ndegeni, maana katikati ya maji itahangaika na minara ya mbali mpaka izimike, nawe ukishuka Ukerewe utashindwa kumpigia anayekuja kukupokea. Kwa mvuvi jambo hili ni zito zaidi. MB zake za kwanza za siku ziende kwenye utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, upepo na mawimbi ya ziwa, kabla hajagusa kitu kingine chochote. Kisha simu izimwe data, iingie kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, chaji ikiwa imejaa. Ziwani chaji ni uhai, wala sitii chumvi.

Upande wa Kigongo tumepata nafuu. Kabla ya Daraja la JP Magufuli kufunguliwa tarehe 19 Juni 2025, foleni ya kivuko ilikuwa inamaliza bando kabla ya kufika Busisi. Mtu alianza na habari, akaingia kwenye vichekesho, akamalizia kwa kukopa salio. Siku hizi unavuka kilomita tatu hizo ukiwa bado unatafuta spika za masikioni. Kuhusu kukopa salio kwenyewe, kumbuka mkopo una ada na vocha yako inayofuata itakatwa kwanza. Kopa kwa ajili ya mgonjwa. Kwa ajili ya mechi, nenda kibanda umiza ukashangilie na wenzako.

Kuna mambo mengi ambayo hayahitaji bando kabisa, nasi tumeyasahau. Picha za harusi zirushwe kwa Xender mkiwa bado ukumbini: simu mbili zinazungumza zenyewe kwa zenyewe, na GB nzima inapita bila kugusa MB moja ya mtu. Kuangalia salio, kutuma pesa na kulipia luku kunafanyika kwa menyu ya nyota na reli, hata kwenye kitochi. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu na intaneti ikalegea nchi nzima, aliyekuwa anategemea programu peke yake alipata shida. Menyu ya nyota haipiti kwenye nyaya hizo. Ijue kwa moyo ile ya laini yako.

Akija mtu kukuomba, "Kaka, niwashie hotispoti nitume meseji moja tu," mwashie, kunyimana si desturi yetu. Ila mwambie kwanza aiambie Play Store isisasishe programu kabisa, kwa sababu simu yake ikinusa hotispoti inadhani imefika kwenye Wi-Fi na inaanza kusasisha programu za miezi mitatu.

Na ukipokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", usijibu, usitukane, usipoteze hata salio la kubipu. Itume namba iliyokuletea meseji hiyo kwenda 15040. Piga pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Tulipanga foleni kuweka alama za vidole hadi Januari 2020. Tusiache mtu mwingine atumie vidole vyetu.

Nimebakiza jambo linaloniuma. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa kanuni za vifurushi zinazoitaka kampuni ikujulishe bando likifika asilimia 75 na likifika asilimia 100, na isikutoze kwa bei ya nje ya kifurushi bila ridhaa yako. Kanuni hizo zilikuja na haki ya kumhamishia mwenzako kifurushi na ya kuendelea na MB zilizobaki ukinunua tena kifurushi kilekile kabla muda haujaisha. Zitumie. Usiufute ujumbe wa asilimia 75 bila kuusoma, na ikifika saa mbili usiku MB zimebaki, mrushie mdogo wako aliye chuoni. Ukiona umekatwa isivyo, lalamikia kampuni kwanza, wasipokusikia nenda TCRA. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza.

Lakini mrudie yule mayu wa Mwaloni. Anafungua bomba kwa dakika mbili, anafunga. Jioni amebakiza zaidi ya nusu ya bando lake la siku. Saa ishirini na nne zikitimia, kilichobaki kinakufa. Asiyebana matumizi hapotezi kitu, kwa kuwa amelimaliza mapema. Anayepoteza ni aliyebana. Mafuta ya kupima ukiyabakiza kwenye kikombe, asubuhi unayakuta. Chumvi unaikuta. Mkaa unaukuta. MB peke yake, iliyolipiwa pesa taslimu ileile, haikutwi. Vipo vifurushi visivyo na kikomo cha muda, nawashauri wanaotumia kidogo kidogo wavipigie hesabu, ila kwa buku ileile utapewa MB chache kuliko za siku moja, kana kwamba uvumilivu ni anasa ya kutozwa.

Wenye kampuni, mnaopita Kirumba na magari ya matangazo na muziki mkubwa, zimeni spika mara moja mmwendee mama mwenye fundo la kitenge. Hakuombeni ofa wala zawadi. MB alizozilipia, mwachieni mpaka azimalize.