Bahari ya Sebuleni

Bwana mmoja hapa Singida mjini kaweka bahari sebuleni: tangi la kioo, samaki wawili wa madoadoa, chumvi gramu 35 kwa lita. Upepo wetu ukinywa maji, chumvi inabaki na kukolea. Boya linashuka, pampu inaamka, inaongeza maji matamu, na simu yake inalia kumpa taarifa. Hongera zake. Ziwa Singida, jirani yake, halina mto wa kutokea. Linakolea chumvi kiangazi, mvua ikija linazimuka, na heroe hawajadai programu. Mtambo wake, anatuapia, unajiendesha wenyewe. Kweli kabisa, ukiacha zile ndoo za maji matamu: hizo anazileta dada wa kazi, kichwani, kutoka bomba la jirani.