Makala Yako Imekataliwa: Namna ya Kuishi Nayo Bukavu

Barua ya kukataliwa haichagui saa. Umeme wa SNEL umerudi usiku wa manane, unawasha simu, na juu kabisa mhariri anakushukuru kwa kuwaletea kazi yako, "hata hivyo..." Ishia hapo, ulale. Usimjibu kwa hasira.

Kesho yake kula bugali na sambaza ushibe, ndipo usome. Ikiwa barua imekuja upesi bila maoni yoyote, makala yako haikufika kwa wahakiki. Hiyo usiililie. Mwaka 1937 jarida la Nature lilimrudishia mwanabiokemia Hans Krebs kazi yake juu ya mzunguko wa kemikali ndani ya seli kwa kuwa lilikuwa na barua nyingi zinazosubiri zamu. Aliipeleka Enzymologia, na mwaka 1953 akapewa Nobel kwa mzunguko ule ule ambao leo unaitwa kwa jina lake.

Zikija kurasa za wahakiki, shika kalamu. Piga mstari mwekundu penye kosa la kweli: jedwali lisilojumlika, hitimisho kubwa lililotolewa kwa mahojiano ya watu wachache wa Kadutu. Hayo rekebisha yote, hata kama mhakiki ana kiburi. Lakini akiuliza kwa nini Kivu Kusini peke yake, mjibu kwa adabu bila kuomba radhi. Watafiti wa Ulaya huandika juu ya mji mmoja wa kwao na hakuna anayewauliza.

Hatari yenyewe huja baadaye. Asistanti anataka kupanda awe CT (chef de travaux), machapisho hayatoshi, na ujumbe unamwahidi kuchapishwa kwa siku tatu akituma dola. Kimbia! Jarida halali halikuhakikishii kukubaliwa kabla ya kukusoma. Na tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025 na benki kufungwa, hata ada ya kuchapisha katika jarida halali ni mtihani. Kwa hiyo kabla ya kutuma, mwandikie mhariri uombe msamaha wa ada. Wachapishaji wengi wakubwa wana orodha ya nchi wanazozisamehe, na Kongo imo. Nyumbani pia kuna Cahiers du CERUKI, pale chuo cha ISP.

Akitokea profesa wa nje akisema "nipe data, nitaandika mimi," taka kwanza makubaliano ya maandishi juu ya majina na mpangilio wake. Watafiti wa hapa na wenzao wa Ubelgiji walishayasema haya wazi katika kitabu The Bukavu Series cha mwaka 2020: mwenyeji huvuka vilima na vizuizi kukusanya habari, kisha jina lake halionekani.

Basi rekebisha, mpe mwenzako asome, tuma kwingine. Nanyi maprofesa wa vyuo vyetu, UCB, UOB na ISP, waonyesheni asistanti wenu barua zenu za kukataliwa. Wengi wao wanadhani zinawafika wao tu.