Kazi Ngumu ya Kukaa Bila Kazi

Neno “lager” asili yake ni kitenzi cha Kijerumani chenye maana ya kuweka ghalani. Jina lenyewe basi ni maelekezo tosha ya mapishi: pika, weka, ondoka. Hilo la tatu ndilo linalowashinda watu. Anayepika bia hii nyumbani, tuseme huko Marekani, ambako sheria iliyotiwa saini mwaka 1978 iliiondolea kodi bia ya nyumbani, anaweza kununua kimea safi, hopsi nzuri na friji kuukuu la kuweka gereji, kisha akaharibu kila kitu kwa sababu hana la kufanya. Kwa maoni yangu, kiungo cha hatari kuliko vyote katika lager ni wikendi ya mpishi wake.

Zitazame ajali zenyewe. Chachu ya lager hufanya kazi kwenye nyuzi 8 hadi 13 hivi za Selsiasi, polepole kama karani wa Ijumaa mchana. Wiki ya pili mapovu yanapungua; mpishi anafunua ndoo achungulie, na kesho yake anachungulia tena. Hewa inaingia, na baadaye bia inakuwa na ladha kama ya boksi la karatasi lililoloa. Mwingine ananusa harufu ya yai viza, anamwaga lita 20 bafuni, kumbe ile ni salfa ya kawaida tu, ambayo wiki chache za ubaridi kwa kawaida huimaliza bila kuombwa. Bingwa ni wa tatu. Huyu haiamini haidromita, kile kipimo cha sukari iliyobaki, anaamini macho yake. Anaitia bia chupani wakati sukari ya kimea bado haijaliwa yote, anaongeza gramu sita au saba za sukari kwa lita kama alivyoelekezwa, anaziba, anazipanga chini ya ngazi. Chachu haina habari kwamba kazi imeisha. Inaendelea kula na kutoa gesi. Usiku wa manane chupa ya kwanza inapasuka, inaiamsha ya pili, na nyumba nzima inadhani ni majambazi. Asubuhi dari inanuka shayiri, na paka hajulikani aliko.

Watetezi wa mpishi huyu watasema kosa ni la vifaa. Lakini watawala wa Bavaria mwaka 1553 hawakuwa na friji wala kipimajoto. Walichofanya ni kupiga marufuku upishi wa bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, majira ya joto. Naona walishamjua mpishi kuwa hajizuii mwenyewe. Mnywaji wa mnazi naye atacheka: tembo lake hugemwa asubuhi, jioni limekolea, likilala siku mbili tatu linaelekea kuwa siki. Kwake subira ndiyo ajali, na hapo simbishii. Pingamizi lenye uzito ni kwamba hata lager haitaki kungojwa tu. Ukiitia baridi kali mapema mno, chachu inasinzia kabla ya kufagia diasetili, na wageni wanahisi wamemiminiwa siagi kwenye glasi. Ni kweli, ndiyo maana wajuzi hupandisha joto hadi nyuzi 16 au 18 kwa siku mbili tatu uchachukaji unapokaribia kwisha, kisha huishusha karibu na sifuri kwa wiki nne au zaidi. Lakini yule aliyeiwahisha baridini alikuwa anakimbilia wapi? Haraka ni ileile, safari hii imevaa sweta.

Kwa hiyo soma haidromita leo, uisome tena baada ya siku tatu. Namba zikilingana, na ni zile ulizotarajia, endelea. Zisipolingana, funga mlango wa gereji, nenda kafue nguo.