Jinsi ya Kuwa Bingwa wa Maua ya Usambara

Ukifika Amani, kule juu ya Muheza, ukakuta ua la zambarau limejibanza kwenye mwamba wenye kivuli, usithubutu kusema "ua zuri." Hilo hata mbuzi analijua. Inama, toa lenzi, kunja uso, kisha uliza vinyweleo vya jani vimesimama au vimelala. Ua lenyewe waachie wapiga picha. Geuza jani: chini ni jekundu au kijani? Vinyweleo vina urefu mmoja, au virefu na vifupi vimechanganyika? Jibu lolote litafaa, mradi ulitamke polepole.

Halafu hakikisha kitabu chako ni cha mwaka gani, maana jina hutegemea hilo kuliko jani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani huku Tanga, aliuokota mmea huu ukapelekwa kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Wendland akauita Saintpaulia ionantha. Baadaye akaja Burtt wa bustani ya Edinburgh. Kwa vinyweleo hivyo hivyo, spishi zikafika kama 20. Moja aliiita difficilis, ngumu. Nyingine confusa, ya kuchanganya. Angalau hakuficha. Mwaka 2006 mtaalamu mwingine, Darbyshire, akazifagia zikabaki 6, na nyingi za Usambara zikamezwa na ionantha. Mwaka 2015 jenasi nzima ikahamishiwa Streptocarpus, ukoo ambao matunda yake hujisokota kama kamba. Ya kwetu hayajisokoti, lakini nani aliyauliza?

Mwenzio akikubana, muulize kwa upole: "Umeuona kwenye mwamba gani?" Mawe ya chokaa ya Amboni ni mengine, Shume kule Lushoto ni kwingine. Swali hili lina faida kweli, kwa kuwa mimea hii ina undugu wa karibu mno na huzaana yenyewe kwa yenyewe bila kuomba ruhusa ya bingwa. Mara nyingi mahali hutoboa siri ambayo vinyweleo vinaificha. Ila usichume ili ukathibitishe nyumbani. Amani ni hifadhi, na mingine imebaki michache kwenye miamba yake.

Utakaporudi mjini, mama mwenye nyumba atakuonyesha ua lake, kwenye kopo la maziwa ya unga barazani, akuulize jina. Usitoe lenzi. Hayo ya vyunguni yamechanganywa vizazi kwa vizazi. Mwambie, "Shikamoo mama, hili ni chotara," kisha muombe jani moja. Ukichomeka kikonyo chake kwenye udongo wenye unyevu, litatoa miche.