Majira ya baridi ya Magu

Ndege wa Ulaya wakikimbia baridi, baadhi yao huja kumalizia majira hayo Kanda ya Ziwa, ambako Desemba hakuna baridi. Mbayuwayu mwenye uzito wa gramu 20 hivi huvuka Sahara bila viza wala begi, akafika Ghuba ya Speke kula wadudu. Ghuba ina jina la Mwingereza aliyeliona Ziwa Victoria mwaka 1858. Ndege walishaligundua zamani, ila hawakuandika kitabu.

Pa kuwatazamia, wilayani Magu, ni pale Mto Simiyu unapoingia ziwani. Asubuhi mnandi hutanua mabawa juu ya jiwe kama aliyeanika koti. Yangeyange huwanyemelea dagaa walioanikwa mchangani: hatua moja, shingo juu, akijifanya anapita tu. Mama mwenye dagaa humtambua upesi kuliko mtaalamu yeyote. Kifaa chake cha utafiti ni kandambili.

Magari mengi ya watalii hupita moja kwa moja, yakiwahi simba wa Serengeti. Mtalii anayeshuka huja na darubini ya bei ya mtumbwi. Jioni, kwa furaha kubwa, humwandika daftarini mbayuwayu, aliyezaliwa bandani kwa jirani yake huko kwao.