Asante kwa Kunipa Changu

Mjerumani alijua kugawa. Merere wa Usangu, aliyefukuzwa kwao na Wahehe, alimsaidia kumpiga Mkwawa, mtawala wa Wahehe; akazawadiwa Usangu. Yaani alipewa kwao, na ashukuru! Iringa nako, Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilipoanguka mwaka 1894, Mkwawa akaingia porini. Mpangile, nduguye, alijisalimisha, akakalishwa kitini atawale Uhehe. Haikupita miezi mingi Wajerumani wakamshuku kuwa bado anamsaidia nduguye, wakamnyonga. Kiti bure, kamba bure. Tom Prince, ofisa wa Kijerumani aliyewagawia wote hao? Yeye alipata shamba Usambara, na mwaka 1907 Kaisari akampa ukabaila: akawa “von” Prince. Siku hizi Mbeya, ulipo Usangu huo, tumestaarabika: mpiga debe huahidiwa kiwanja tu, hati baada ya uchaguzi. Hausemwi uchaguzi upi.