Mteja Aliyeridhika

Kuna mama mmoja kwenye simu zetu, bahati yake si ya kawaida. Jumatatu amepona vidonda vya tumbo kwa unga wa kijani; Alhamisi amepata kiwanja Kigamboni, hati mkononi, bila dalali kumzungusha; Jumamosi upara umeota nywele. Machozi ni yale yale, na kitenge ni kile kile. Hajawahi kucheleweshewa mzigo. Na namba ya muuzaji anaitaja bila kumeza mate, tarakimu zote kumi.

Wamarekani ndio wakorofi. Tangu Oktoba 2024, kanuni ya FTC, tume yao inayolinda wateja, inapiga marufuku shuhuda za uongo, na faini ya kosa moja inaweza kupita dola 50,000. Mama wa watu angekula wapi?

Ndugu muuzaji, hebu turekodie japo mteja mmoja anayesitasita. Aseme viatu vilikuja vinabana, bodaboda alipotea njia, mkambadilishia siku ya pili. Kwa huyo tutakutumia hela kabla hata hajamaliza. Ila mwambie mshika kamera aache kumnong'oneza, “Tabasamu, dada.” Tunamsikia.